Zamu ya Mbuke Ng'wandu

Novemba 19, Iyunga

Mvua ya kwanza. Imelowesha vumbi la barabara kuu na kuishia hapo. Malori yamerusha tope kwenye ukuta wangu kama kila mwaka.

Fred wa dawati la mikoa la gazeti letu, Dar es Salaam, anataka habari ya teknolojia kijijini, pamoja na picha ya mkulima anayetabasamu akiwa na simu mkononi. Nimemuuliza kama mkulima akinuna habari inakufa. Akasema, "Dada Tumpe, wewe nenda tu."

Novemba 23, Chimala

Uzinduzi. Turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa kwa waliokaa mbele, jua kwa waliosimama nyuma.

Skimu ya mpunga ya Ikonongo iko nje kidogo ya mji. Mfereji mkuu ni mmoja na maji yake hayawatoshi wote kwa mara moja, kwa hiyo wanamwagilia kwa zamu. Hadi msimu uliopita Bartolomeo, mlinzi wa lango la maji, aligonga rimu la lori lililoning'inizwa pale langoni, kisha akaita kwa sauti jina la mwenye zamu. Asipoitika, aliita tena. Ni mwimbaji wa besi kanisani na inasemekana jina likitoka kinywani mwake linafika hadi barabarani.

Kuanzia msimu huu zamu itatangazwa na simu. Mwenye zamu atapata ujumbe, ataupeleka langoni, Bartolomeo atautazama na kuzungusha usukani wa lango. Hakuna ujumbe, hakuna maji. Anayekosa zamu tatu mfululizo atahesabiwa ametelekeza jaruba lake la mpunga, na kamati itampa mwingine.

Mwenyekiti wa skimu, Bwana Lutengano, amesema enzi za kelele zimekwisha. Rimu likashushwa mbele ya wageni, likapigiwa makofi, likapakiwa kwenye pikapu.

Aliyetengeneza mfumo ni Aroni, mhandisi wa kompyuta kutoka Iringa. Ndiye pekee aliyezungumza akaeleweka. Ndani ya hifadhidata yake, alisema, kuna foleni. Kila ujumbe ukiandikwa unaingia nyuma ya foleni na kusubiri. Ulio mbele unachukuliwa na kutumwa. Ukishindikana kutumwa, hifadhidata inafuta kilichofanyika na kuurudisha palepale mbele, kana kwamba haukuguswa, ili ujaribiwe tena. Umeme ukikatika, foleni inabaki ilivyo. "Uzuri wake ni huo," alisema. "Haipotezi kitu." Nimempenda. Hana majivuno na hatumii maneno makubwa.

Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma aliuliza, simu ikiisha chaji itakuwaje. Lutengano akamjibu kuwa chaji ya simu ni jukumu la mwenye simu. Watu wakacheka. Nimeuliza jina lake: Mbuke Ng'wandu, Msukuma wa Maswa, ana jaruba moja karibu na mfereji wa tatu. Nilimwona ni mmoja wa wale wanaouliza maswali ili waonekane mkutanoni.

Desemba 4

Habari imetoka. Mkulima anatabasamu.

Desemba 18

Mvua nzuri Mbeya yote. Wanasema vitalu vya mpunga Chimala vimemea sawasawa.

Januari 9, Chimala

Nimepita nikielekea Igawa na kukuta umati langoni. Tangu jana hakuna simu hata moja iliyopata ujumbe. Lango limefungwa, maji yamejaa mfereji mkuu na yanamwagika kupitia njia ya dharura kurudi mtoni. Watu wamesimama na majembe wakiyatazama yakienda.

Mwanamke mmoja alimuuliza Bartolomeo rimu liko wapi. Mwenzake akajibu kwa niaba yake kwamba rimu lilipanda pikapu na kuolewa mjini. Bartolomeo hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya zege la lango, mikono magotini, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

Lutengano alizunguka na simu sikioni akizungumza na Iringa. Mchana simu zote zililia kwa pamoja. Ujumbe wa jana na wa leo ukaingia kwa mkupuo, na kila mmoja akawa na zamu ya saa iliyokwisha kupita. Wanaume wawili walishikana mashati. Ndipo Lutengano alipopanda kwenye zege na kutamka uamuzi, nami nikaurekodi: "Meseji ikichelewa, zamu haipotei. Mwenye meseji atafunguliwa siku aliyoipata." Umati ukatulia. Nilidhani ni uamuzi wa busara. Labda ulikuwa wa woga tu, ila ulifanya kazi.

Januari 15

Foleni ya Ikonongo imejifunga tena. Safari hii, ananiambia Lutengano kwa simu, ilikuwa siku kamati ilipotuma tangazo kwa wakulima wote kwamba ng'ombe wasionekane majarubani. Tangazo lenyewe halikumfikia mtu yeyote.

Januari 22

Lutengano amepiga simu kwa furaha. Aroni amemaliza tatizo. Foleni haifungi tena, na anataka niandike. Nimeandika aya mbili. Fred amechapa moja.

Februari 6, Chimala

Mvua imekatika tangu wiki iliyopita. Mpunga umeshapandikizwa kote na huu ndio wakati unaohitaji maji. Nimekwenda Ikonongo kuona mfumo uliotengemaa.

Umetengemaa. Watu wanakuja na simu, wanafunguliwa, wanaondoka. Pembeni, chini ya ukuta wa lango, alikuwa amekaa Mbuke Ng'wandu na jembe. Hajapata ujumbe hata mmoja tangu mfumo uanze. Zamu yake imepita mara moja. Ameijua kwa kuwa jirani zake wa juu na wa chini walimwagilia na katikati yao akabaki yeye.

Nilimwomba simu, kwa sababu nilishaamua kosa ni lake. Simu ni nzima. Ina chaji. Matangazo ya bahati nasibu ya asubuhi hiyohiyo yameingia yote.

"Kila siku nakuja kukaa hapa, mayu," aliniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo anavyoniita ingawa tunalingana. "Nikikaa nyumbani watasema sikutaka maji."

Tulikwenda kuona jaruba. Udongo umeanza kufanya nyufa. Mpunga umenusurika upande mmoja tu, unaopata maji yanayovuja kwenye tuta la jirani. Mumewe alihama na mifugo kutafuta malisho na akaoa hukohuko. Jaruba hili ndilo alilonalo.

Nilimuuliza Bartolomeo kama hamfahamu mwanamke huyu.

"Simfahamu vipi? Jina lake nimeliita misimu mingapi hapa?"

"Basi mfungulie."

"Nikifungua bila meseji nafukuzwa, dada. Sheria ni meseji."

Alisema hivyo akimtazama Mbuke usoni, bila kuona aibu.

Februari 13, Iringa

Nimefika Iringa asubuhi, ukungu umelala hadi milango ya maduka. Ofisi ya Aroni iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alinipokea kwa chai na maandazi. Nilipotaja watu wa Ikonongo wasiopata ujumbe, alifurahi kama mtu aliyeombwa asimulie kisa anachokipenda.

"Hii utacheka, dada yangu," alisema.

Kompyuta, alieleza, inatambua mwanzo na mwisho wa maneno kwa alama moja. Ni ileile tunayoiweka juu tukiandika ng' ya ng'ombe ili isisomeke kama ng ya ngoma. Sisi wa magazeti tunaiita ritifaa. Yeye anaiita kakoma. Mfumo ukilikuta jina la Ng'wandu unadhani maneno yameishia kwenye Ng. Kinachobaki, wandu, unakiona ni amri usiyoijua, kwa hiyo unakataa. Ujumbe unarudishwa mbele ya foleni. Unachukuliwa tena, unakataliwa tena. Ikifika mara ya tano hifadhidata inaifunga foleni nzima, na wote walio nyuma wanabaki hapohapo hadi yeye auondoe kwa mkono.

"Mtu mmoja mwenye kakoma anafunga maji ya skimu nzima," alisema. "Kwenye kazi yetu ujumbe wa namna hiyo tunauita ujumbe wenye sumu."

Nilimuuliza alitatuaje. Akasema kwa urahisi kabisa kwamba ujumbe wenye sumu sasa hausubiri mara ya tano. Ukikataliwa unaondolewa kwenye foleni na kuwekwa kando, wengine wanapita. Aligeuza kioo cha kompyuta nione huko kando. Niliona Ng'wandu, Ng'hoboko, Ng'wala, na wengine wa namna hiyo, wote watu waliotoka kaskazini. Nilimuuliza kuhusu tangazo la ng'ombe. Hilo lilikuwa rahisi, alisema. Kamati ilishauriwa iandike "mifugo" na likapita.

Kwa ng'ombe walipata neno jingine.

"Na hawa watajuaje zamu yao?"

"Hilo ni la skimu. Mimi nimeripoti ujumbe unafika kwa asilimia tisini na saba. Ni kiwango kizuri sana."

"Kuurekebisha ni kazi kubwa?"

"Hapana. Unaongeza kakoma ka pili, vikiwa viwili kompyuta inaelewa. Ni kazi ya muda wa chai hii." Alinyanyua kikombe. "Ila awamu yangu imefungwa. Kugusa chochote sasa lazima mfadhili wa mradi aidhinishe."

Akaniongeza andazi. Niko nyumba ya wageni naandika haya na nahisi mafuta ya andazi lile bado yako kooni. Nilimpenda mtu huyu kwa sababu alieleza vizuri. Leo ameeleza vizuri zaidi.

Februari 15, Chimala

Nimemweleza Lutengano yote. Nilikwenda nikitegemea kukuta njama. Yupo shemeji yake, Saulo, ambaye kila mtu anajua anatafuta jaruba. Nilitaka nimwone mwenyekiti akibadilika rangi.

Hakubadilika. Alinisikiliza, akakuna shavu, akasema yeye si fundi wa kompyuta. Wahusika waandike barua kwa kamati, kamati itamwandikia Aroni, Aroni atamwandikia mfadhili. Nilimuuliza kwa nini asimwambie Bartolomeo afungue kwa kuita majina kama zamani, kwa hao wachache tu. Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue suruali.

"Tulizindua mfumo, Mwandishi. Picha zilipigwa. Turudi tena kwenye kupiga kelele?"

Hana njama. Angekuwa nayo ningeandika habari nikamaliza. Mtu huyu hana hata chuki. Anataka tu siku iishe bila kazi ya ziada.

Mbuke nimemweleza kwa fimbo mchangani, nikaandika jina lake na kuonyesha alama inayokwamisha. Aliitazama.

"Haka?"

"Hako."

"Mwalimu alinichapa darasa la pili kwa kukasahau," alisema.

Februari 19

Hakuna mvua.

Februari 22, Igawa

Hakuna mvua. Lori la mbolea limepinduka. Nimeandika.

Februari 26

Hakuna mvua. Mbuke amekosa zamu ya pili, barua anayo mkononi yenye muhuri wa kupokelewa.

Fred amekataa habari. Anasema habari ya alama ya kuandikia haina msomaji. Nimemwambia ni habari ya maji. Akasema maji tumeandika Desemba.

Machi 3

Hakuna mvua. Jirani wa Mbuke aliyetoboa tuta amnyweshee kidogo ameonywa na kamati. Tuta limezibwa.

Machi 12, Chimala

Mkutano wa skimu. Nimekaa nao asubuhi yote na ningependa kuoga.

Lutengano alisoma majina ya waliokosa zamu tatu. Wote ni wale waliowekwa kando na mfumo. Hapakuwa na hata mmoja asiye na ritifaa. Alipokuwa akiyasoma alijikwaa, akayatamka kwa ng ya ngoma, na watu wakamcheka hadi akacheka mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini majina yaliyomgomea ulimi ndiyo hayohayo yaliyokosa maji, ingawa hadi sasa kila mtu pale anajua. Nimewaeleza mimi. Barua zimeeleza. Bartolomeo anajua, alikuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake magotini.

Mjumbe mmoja wa kamati alijiona ana huruma. Alipendekeza wenye majina magumu wayaandike upya bila alama, kama Wasukuma wengi wa mjini walivyokwisha kufanya, na kamati iwasamehe. Ng'wandu awe Mwandu. Ng'wala awe Mwala. Watu wakaitikia kwamba hilo ni jambo dogo. Wawili walikubali palepale.

Mbuke alisimama.

"Mbuke Mwandu namfahamu," alisema. "Ni binamu yangu, yuko Maswa, anauza dagaa. Mkimpa yeye jaruba, mimi nitakula nini?"

Watu walicheka sana, na kwa muda nilidhani kicheko kimemwokoa. Akaendelea, bila kupandisha sauti, kwamba kitambulisho chake cha taifa kina jina la baba yake, kadi ya uanachama ina jina hilohilo, na siku atakapotakiwa kuthibitisha jaruba ni lake, watu haohao watamwuliza Mwandu ni nani. Lutengano alimjibu kuwa kamati imempa nafasi na yeye ameikataa. Jaruba lake akapewa Saulo. Mpunga uliomo, alioupandikiza yeye, ukahesabiwa umetelekezwa pamoja na udongo.

Palipigwa makofi. Hayakuwa mengi. Waliopiga ni wale ambao zamu zao hazijawahi kupotea.

Nilipotoka nilipita karibu na Bartolomeo. Alitaka kuniambia kitu. Sikusimama.

Machi 14

Mvua kubwa. Inawatosha wote.

Machi 15

Mvua.

Machi 29, Chimala

Jaruba lililokuwa la Mbuke limegeuka kijani. Saulo amenionyesha kwa fahari jinsi mpunga "ulivyokubali" tangu aushike. Simu yake inapata ujumbe bila tabu.

Familia ya Ng'hoboko imehamia Mpanda. Ya Ng'wala inafungasha. Mbuke amebaki, anapalilia majaruba ya watu kwa kibarua. Nilimuuliza kwa nini haondoki. Akasema mpunga alioupanda haujaiva.

Aprili 17

Mvua. Mafua.

Mei 6

Mvua zimeanza kukata. Majaruba yanakaushwa tayari kwa mavuno.

Mei 21, Igawa

Nilikuwa nasubiri msemaji mmoja atoke ofisini mwake wakati Mbuke alipopiga simu.

"Mayu, njoo. Zimekuja."

"Nini zimekuja?"

"Meseji. Zote."

Nimempigia Aroni kwanza. Alikuwa mchangamfu. Anakabidhi mradi wiki hii na mfadhili hapendi kuona mabaki, kwa hiyo amerekebisha kakoma, kisha akachukua vyote vilivyowekwa kando na kuvirudisha kwenye foleni vijitume vyenyewe, kwa mpangilio wake, kuanzia cha Januari. Sasa foleni ni tupu na kando ni patupu. Nilimuuliza kama alifikiri watu watafanya nini mwezi Mei na zamu ya maji ya Februari.

"Nilikwambia, dada," alisema. "Haipotezi kitu."

Mei 22, Chimala

Naandika nikiwa bado na tope kwenye viatu.

Nilipofika, wakataji wa Saulo walikuwa wameingia jarubani tangu jana. Walishakata zaidi ya nusu, na mpunga uliokatwa ulikuwa umelazwa chini juu ya mabua, mistari kwa mistari, ukauke kabla ya kupigwa. Mpunga ukilala hivyo mtu hataki hata umande. Mbuke alikuwa langoni. Alinipa simu niisome, nikaisoma yote. Ujumbe wa kwanza: "Ndugu Mbuke Ng'wandu, zamu yako ya maji ni kesho asubuhi. Fika langoni na ujumbe huu." Wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo. Chini ya kila mmoja simu imeandika siku ulipoingia: jana. Wa mwisho ulimjulisha kuwa amekosa zamu tatu na jaruba lake limegawiwa.

Alimnyooshea Bartolomeo simu.

"Meseji hii hapa, baba. Nifungulie."

Bartolomeo aliichukua. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Zamu hizi zilishapita, Mbuke."

"Januari zilipita pia. Mwenyekiti alisimama hapo ulipokaa, akasema meseji ikichelewa zamu haipotei. Mwenye meseji atafunguliwa siku aliyoipata. Mimi nimeipata jana, nayo inasema kesho. Mwandishi huyu alikuwepo."

Nilikuwa na rekodi. Niliicheza. Sauti ya Lutengano ikatoka kwenye simu yangu, na Bartolomeo akaisikiliza yote. Kisha aliinuka, akavua kofia, akaiweka juu ya zege, na kushika usukani wa lango kwa mikono miwili. Hakuuzungusha. Alimwambia mmoja wa wakataji waliokuwa wamesogea kutazama akamwite mwenyekiti, kwa sababu yeye anaelekea kufungua maji.

Walikuja kwa pikipiki moja, Lutengano na Saulo. Saulo alianza kuzungumza kabla hajashuka. Alisema mwanamke huyu anataka kuozesha mpunga wa watu. Akamwita mchawi, akamwita mvamizi, akamwambia arudi kwao. Lutengano alimwambia Bartolomeo aache usukani.

"Sheria ni meseji, Mwenyekiti," Bartolomeo alisema kwa ile sauti yake ya kanisani. Sentensi ileile aliyoniambia mimi Februari. Nilichukia kuisikia wakati ule, na leo sikujua niifanye nini.

Mbuke hakumtazama Saulo kabisa. Alizungumza na mwenyekiti.

"Kama meseji hizi ni halali, zamu ni zangu, sikukosa hata moja. Afungue. Kama si halali, niambieni mlininyima maji kwa kukosa kitu gani."

Lutengano alitazama lango, kisha jaruba na mpunga uliolala, kisha watu. Walishafika wengi, wengine na miundu mikononi. Nilimwona akitafuta njia ya kupitia na kuikosa. Hapa, kwa uaminifu wa kazi yangu, naandika kwamba sikuona haki ikimwingia mtu yule. Niliona hesabu. Akisema ujumbe si halali, kila aliyewahi kukosa maji msimu huu atamfuata nyumbani kwake.

Alisema kwa sauti ya uzinduzi kwamba kamati imepitia upya suala hili. Zamu hazikupotea, kwa hiyo jaruba halikutelekezwa, linarudi kwa mwenyewe. Saulo achukue alichokwisha kukata, kwa jasho lake. Kilichosimama ni cha mama.

Alichokwisha kukata ni zaidi ya nusu. Jasho lenyewe lilikuwa la wakataji. Watu walipiga makofi, na safari hii walipiga wengi, wakiwemo wale waliopiga Machi.

Mbuke alimwambia Bartolomeo aache lango limefungwa. Mzee akatoa mikono kwenye usukani na kuanza kumwambia kwamba jina lake hakuwahi kulisahau. Mbuke alimjibu, "Ungeliita," akaenda kutafuta mundu.

Nilibaki kuuliza kuhusu wengine. Ng'hoboko naye amepata ujumbe wake wote jana. Umemkuta Mpanda. Jaruba lake lilishavunwa na kusafishwa, na hana wa kusimama langoni kwa niaba yake. Lutengano alisema hakuna aliyeleta malalamiko.

Mei 23

Nimetuma habari. Nimeliandika jina mara nne na chini nikaweka maelezo kwa dawati: ritifaa ibaki, ndiyo habari yenyewe. Fred amesema safari hii amenielewa.

Mei 28, Iyunga

Gazeti limefika. Ukurasa wa saba, bila picha. Mara zote nne: Mbuke Mwandu.

Nilimpigia Fred. Anasema mfumo wa kupanga kurasa ulikuwa unalikataa jina, muda ulikuwa umekwisha, mtu mmoja pale akapata njia ya haraka. Maana haijabadilika, alisema. Nilikata simu na kukaa na gazeti mbele yangu hadi chai ikapoa.

Baadaye nilimpigia Mbuke, asije akalisikia kwa mwingine. Alikuwa anapiga mpunga. Nilisikia mabua yakigonga turubai. Nilimsomea habari yote, na jina nililisoma kama lilivyochapwa. Aliacha kupiga.

"Nitampigia binamu yangu Maswa," alisema. "Atafurahi kusikia amepata jaruba."